Shajara ya mradi: alumini kwenye dripu za watoto njiti, Pemba

Januari, baada ya sikukuu ya Mapinduzi

Ruhusa imetoka, mradi unaanza. Naandika lengo hapa mwanzo ili lisije likanenepa njiani: kwa kila mtoto mchanga anayepewa maji na lishe kupitia mshipa wodini petu, tukadirie ni mikrogramu ngapi za alumini zinazomwingia kwa siku, kwa kila kilo ya uzito wake. Baadaye, tukijaaliwa, tufanye hivyo hivyo kwa manganisi, metali nyengine. Kinachohesabiwa ni mtoto. Chupa inahesabiwa tayari na watu wengine, na kila chupa ikipimwa peke yake huonekana haina neno.

Kuna wenzangu watakaosema hili ni tatizo la hospitali kubwa za ng'ambo, zenye chakula kamili cha mshipani: amino asidi, mafuta, glukosi, vitamini, madini, vyote kwenye mfuko mmoja kwa wiki kadhaa. Kweli, sisi mifuko ile ni adimu. Njiti wetu hupata dekstrosi ya asilimia 10, sodiamu, potasiamu, kalsiamu glukoneti, na amino asidi pale zinapopatikana. Lakini ukizisoma tafiti za mifuko ile kamili, alumini haitoki hasa kwenye vitu vya kifahari ambavyo hatuna. Inatoka kwenye kalsiamu glukoneti ya ampuli ya kioo. Hiyo tunayo, ipo kwenye troli, na zamu ya asubuhi imevunja kadhaa kabla sijafika kazini.

Januari, wiki ya mwisho

Wiki hii imekwenda kwenye kusoma na kuwaeleza wenzangu. Nakusanya hapa yale ninayotaka yabaki.

Alumini haina kazi yoyote mwilini. Ukiila, utumbo hupitisha chini ya asilimia 1 na iliyobaki hutoka chooni. Ile kidogo iliyopita hutolewa na figo. Sasa mtoto wa dripu: utumbo umerukwa, kinachoingia mshipani kimeingia chote. Na figo za njiti hazijakomaa. Milango yote miwili ya ulinzi, mmoja umepitwa na mwengine haujamalizwa kujengwa. Kinachobaki hukaa kwenye mifupa, ini na ubongo.

Kwa watu wazima hili liligunduliwa kwa njia ya majonzi kwenye miaka ya 1970, wagonjwa wa kusafishwa damu kwa mashine walipoanza kupoteza kauli na akili kwa sababu ya alumini iliyokuwamo kwenye maji ya mashine na kwenye dawa zao. Kwa watoto, mwaka 1985 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba njiti waliotibiwa kwa dripu walikuwa na alumini iliyojikusanya mwilini. Kisha ukaja utafiti ambao kila mtu wa fani hii huutaja, wa Nick Bishop na wenzake wa Uingereza, uliotoka mwaka 1997. Njiti 227 waligawanywa kwa kura: kundi moja lilipata dripu za lishe za kawaida, jengine dripu zilizochaguliwa viungo vyake ili alumini iwe kidogo. Kwa kiwango kamili cha maji, kundi la kwanza lilikuwa linapata karibu mikrogramu 45 kwa kilo kwa siku, la pili 4 mpaka 5. Walipofika miezi 18 wakapimwa maendeleo ya akili. Kwa wale wasio na ulemavu wa viungo, hesabu ya watafiti ilikuwa kwamba kila siku ya dripu ya kawaida iliondoa takriban pointi moja kwenye kipimo kile. Watoto wa utafiti huohuo waliofuatiliwa hadi miaka 13 mpaka 15 (matokeo yalitoka 2009) walionekana mifupa ya kiuno ina madini pungufu kwa wale wa kundi la kawaida.

Pointi moja kwa siku. Mtoto akikaa kwenye dripu wiki mbili, piga hesabu mwenyewe.

Sheria zilizofuata ni hizi mbili. Marekani ilitangaza mwaka 2000, ikaanza kutumika Julai 2004: dripu kubwa za lishe zisizidi mikrogramu 25 za alumini kwa lita, ampuli na chupa ndogo zisiwe na kikomo, ila lebo itaje kiwango cha juu kitakachokuwamo siku ya mwisho wa matumizi, na onyo kwamba njiti na wenye figo dhaifu wakipata zaidi ya mikrogramu 4 mpaka 5 kwa kilo kwa siku, alumini hujikusanya hadi kudhuru ubongo na mifupa. Uingereza mwaka 2010 ikaenda moja kwa moja kwenye ampuli: kalsiamu glukoneti ya vichupa vidogo vya kioo isitumike kwa kurudiarudia wala kwa muda mrefu kwa walio chini ya miaka 18, wala kwa wenye figo dhaifu.

Nimekata karatasi yenye ule mstari wa "4 mpaka 5" nikaibandika juu ya sinki la kunawia mikono. Bandiko lolote jengine wodini halisomwi, hilo husomwa kwa lazima.

Februari 6

Sista wa zamu ya mchana kanisimamisha mlangoni.

"Daktari wa dawa, hebu nambie. Sisi wote tumelelewa kwa sufuria za alumini. Wali, mchuzi, uji wa watoto, chai ya kuuza. Leo unatutisha na kichupa hiki?"

Nimemjibu kwamba sufuria inapita kwa utumbo na kichupa hakipiti. Hakutosheka, na kwa haki. Akauliza: sasa kama ni kichupa, hiyo alumini imetiwa na nani? Nani aliyeiweka?

Hapo ndipo penye utamu wa jambo hili. Hakuna aliyeiweka. Kioo cha ampuli kina alumini ndani ya mchanganyiko wake. Dawa nyingi hukaa kwenye kioo miaka miwili bila kukigusa, lakini glukoneti ina tabia ya kushikana na alumini na kuitoa kwenye ukuta wa kichupa. Kichupa kikishajazwa hupikwa kwenye mvuke wa nyuzi 121 ili vijidudu vife, na joto lile linachochea. Kisha kinakaa. Watafiti wa Santa Maria, Brazil, wamelifuatilia sana suala hili la kioo: kadiri dawa inavyokaa ndani, ndivyo inavyozidi kuchota. Dawa hiyohiyo ikitiwa kwenye plastiki inabaki na alumini kidogo mno ukiilinganisha.

Nikamwonyesha kwa macho. Nilichukua ampuli moja kwenye troli, nikaishika mbele ya dirisha. Maji safi, hayana rangi, hayana kitu. Sista akaigeuza, akaigonga shingo kwa ukucha, akatazama tena. Yeye amezoea kutafuta chembe nyeupe, maana kalsiamu glukoneti imeshiba kupita kiasi na mara nyengine huganda vipande ndani ya ampuli, na hiyo haipigwi. Akasema, "Hii ningeipiga." Nami pia ningeipiga. Jicho halisaidii hapa.

Februari, katikati

Ghala. Tunayemwita Ami, mtunza ghala wetu, amenifungulia rafu zote. Nimeandika kila kinachoingia mshipani mwa mtoto mchanga: jina, nchi kilikotengenezwa, aina ya chombo, bechi, tarehe ya mwisho, na kama lebo inataja alumini.

Safu ya mwisho ni tupu karibu yote. Kanuni ya kuandika alumini kwenye lebo ni ya Marekani, na kilichotengenezwa kwa masoko mengine hakilazimiki. Kwa hiyo hesabu niliyotaka kuifanya kwa kusoma lebo haifanyiki kwa kusoma lebo. Nimewaandikia wauzaji kuomba vyeti vya uchambuzi. Mmoja kajibu siku ileile kwa adabu nyingi na cheti kisichotaja alumini. Wengine kimya.

Jambo la pili la ghala ndilo lililonikosesha usingizi. Utaratibu wa kila ghala la dawa ni kwamba inayokaribia kuisha muda hutoka kwanza. Ni utaratibu mzuri, tumeusomea, tunakaguliwa nao. Lakini kwa ampuli ya kioo ya kalsiamu maana yake ni kwamba wodi ya watoto wachanga inapewa, kwa kanuni, ampuli zilizokaa ndani ya kioo muda mrefu kuliko zote.

Nikamweleza Ami. Akakuna kidevu, akasema: "Mwanangu, miye nikitoa mpya nikaacha ya zamani ikaoza, mkaguzi atanila nyama."

"Usiiache ioze, Ami. Ipeleke kwengine."

"Wapi?"

Wodi ya wazazi. Kule kalsiamu glukoneti hukaa kwenye trei ya dharura kwa ajili ya mama mwenye kifafa cha mimba aliyezidiwa na magnesiamu salfeti. Ni dozi moja, ya kuokoa pumzi, kwa mtu mzima. Alumini ya ampuli moja si hoja pale. Vivyo hivyo kwa mtu mzima ambaye potasiamu imempanda ghafla. Zile za zamani ziende huko, na boksi la tarehe ya mbali liandikwe NJITI kwa kalamu nyekundu. Ami amekubali kwa sharti kwamba nitie saini. Nimetia.

Hatua hii haikugharimu senti.

Machi 3

Jedwali la kuhesabu alumini ya kila mtoto kwa siku limeanza kufanya kazi. Nimelitengeneza kwenye Excel ili lifunguke kwenye simu, maana kompyuta ya wodi ina foleni kuliko mlango wa maabara. Mwanafunzi wa SUZA (Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar) aliye mafunzoni kwetu amenisaidia kufunga seli zisizotakiwa kuguswa.

Kwa kuwa lebo hazisemi, nimetumia dhana, na dhana nimeiandika juu kwa herufi kubwa ili mtu asije akaichukua kuwa kipimo. Kwa dripu kubwa nachukua kikomo cha Marekani, mikrogramu 25 kwa lita, nikijua nyingi huwa chini ya hapo. Kwa kalsiamu ya kioo nachukua mikrogramu 5,000 kwa lita. Lebo za Marekani za ampuli za kioo zimekuwa zikitaja maelfu ya namna hiyo, na nyengine zaidi.

Mfano wa kufundishia (si mtoto wa kweli). Kilo 1.4. Maji mililita 150 kwa kilo, yaani 210 kwa siku. Kalsiamu glukoneti ya asilimia 10, mililita 4 kwa kilo, yaani 5.6.

Dripu: mililita 210 mara mikrogramu 25 kwa lita ni mikrogramu 5.25, ukigawa kwa 1.4 ni 3.75 kwa kilo.
Kalsiamu: mililita 5.6 mara mikrogramu 5 kwa mililita ni 28, ukigawa ni 20 kwa kilo.
Jumla 23.75.

Kikomo ni 5. Hebu tazama vitu viwili. Kwanza, mililita tano na kitu za kalsiamu zimebeba zaidi ya asilimia 80 ya mzigo wote, na mililita 210 za dripu zimebeba kilichobaki. Pili, ile dripu kubwa, iliyo halali kabisa mbele ya sheria, peke yake imeshakula robo tatu ya kikomo cha siku. Imebaki nafasi ya mikrogramu 1.25 kwa kilo, ambayo kwa ampuli ya namna hii ni robo mililita ya kalsiamu. Robo! Hakuna mfupa utakaojengwa kwa robo mililita.

Nikiweka kalsiamu ya plastiki na kudhani ina sehemu moja ya kumi, mikrogramu 500 kwa lita, mzigo wake unashuka hadi 2 na jumla inakuwa 5.75. Bado juu ya mstari, lakini sasa tunazungumza lugha moja na mstari wenyewe.

Daktari wa watoto kaitazama namba ya 23.75 muda, kisha akauliza swali la maana: mbona tusitumie kalsiamu kloridi, ambayo haichoti alumini kiasi hicho? Jibu langu: kweli ina alumini kidogo, lakini ni kali zaidi kwa mishipa, na ikikutana na fosfati ya kawaida kwenye dripu moja huganda upesi kuliko glukoneti. Na hapa wauguzi wakaingilia, maana wao kalsiamu wanaijua kwa jambo jengine kabisa: kanyula ikitoka mshipani na kalsiamu ikamwagikia nyamani, ngozi ya mtoto huungua na kuacha kovu. Waliowahi kuona kidonda cha namna hiyo kwenye mguu wa mtoto wa kilo moja hawataki kusikia dawa kali zaidi. Tukaacha kloridi.

Na kupunguza dozi ya kalsiamu? Hapana. Nalisema kwa nguvu kwa sababu nimeshaona uso wa mwanafunzi ukielekea huko. Mtoto mwenye kalsiamu ya chini hutetemeka, hupata degedege, moyo hukosa mwendo. Alumini ni deni la miezi na miaka, kalsiamu ya chini ni ya usiku huu. Dozi inabaki, kinachobadilika ni chombo.

Machi, mwishoni

Masika yamefungua. Umeme umekatika mara nyingi wiki hii na meli ya juzi haikuondoka bandari ya Mkoani kwa sababu ya bahari. Nimepata muda wa kuandika kipengele cha manganisi, ingawa jedwali lake bado.

Manganisi ni kesi tofauti kwa sababu mwili unaihitaji, kidogo sana. Miongozo ya Ulaya ya mwaka 2018 inasema kwa mtoto wa dripu ya muda mrefu isizidi mikrogramu 1 kwa kilo kwa siku. Mlango wake wa kutokea ni nyongo. Mtoto akiwa na manjano ya nyongo kuziba, manganisi haina pa kutokea, nayo hujikusanya kwenye kiini cha ubongo kinachoongoza mwendo wa viungo. Kwenye picha za MRI panang'aa. Waingereza waliandika mwaka 1996 juu ya watoto wa lishe ya mshipani waliokuwa na mambo yote mawili, manganisi nyingi damuni na nyongo iliyokwama. Manganisi huingia kwa kukusudia kwenye michanganyiko ya madini, na huingia tena bila kualikwa kama uchafu wa viungo vyengine. Kromiamu ndivyo hivyohivyo. Miongozo ile inasema usiongeze kabisa, inayoingia kama uchafu inatosha.

Mwanafunzi akasema, basi tuondoe metali zote tuwe salama. Nimemkumbusha Desemba 2012, Washington: sindano za zinki zilipokosekana nchi nzima ya Marekani, njiti wenye matatizo ya nyongo waliokuwa kwenye lishe ya mshipani walitoka vidonda vya ngozi vya upungufu wa zinki. Njiti anataka mikrogramu 400 mpaka 500 za zinki kwa kilo kwa siku. Zinki, shaba na seleniamu lazima ziwemo. Alumini isiwemo. Manganisi chembe.

Na Pemba haihitaji kwenda Washington kulijifunza hili. Hapahapa kisiwani, mwanzoni mwa miaka ya 2000, watoto wadogo zaidi ya 24,000 waliingizwa kwenye utafiti wa madini ya chuma na asidi ya foliki, pamoja na zinki au bila zinki, utafiti ulioshirikisha Maabara ya Afya ya Jamii Ivo de Carneri iliyopo Wawi. Kila mtu alitarajia nafuu, kwa kuwa upungufu wa damu ulikuwa umeenea. Agosti 2003 makundi ya chuma yakasimamishwa. Matokeo yaliyochapishwa 2006 yalionyesha waliopewa chuma walikuwa na uwezekano wa asilimia 12 zaidi wa kufa au kulazwa, na malaria ndiyo iliyoshukiwa kuchangia. Ile ni ya mdomoni, na chuma ni rafiki wa mwili. Mama wa hapa ambaye mtoto wake alikuwemo utampata mtaani. Ndiyo maana nikizungumza na wazee wa kamati kuhusu metali kidogo sana kwa mtoto mdogo sana, hawanitazami kama mwendawazimu.

Aprili

Jaribio la kupima. Dhana ni dhana, nataka walau bechi tulizonazo zipimwe kwa mashine inayosoma mikrogramu kwa lita. Hapa kisiwani sina uhakika wa nafasi, kwa hiyo sampuli zitavuka.

Mtu akidhani kazi ngumu ni mashine, amekosea. Kazi ngumu ni kuifanya sampuli isichafuke kabla ya kufika. Udongo mwekundu wa huku una alumini tele, na vumbi lake liko kwenye kila dirisha, kila meza, kila nywele. Kopo la kioo la maabara haliruhusiwi, maana ndilo tunalolilalamikia. Tumetumia vijichupa vya plastiki, vikalowekwa usiku kucha kwenye asidi ya nitriki iliyozimuliwa, vikasuuzwa kwa maji yasiyo na madini, vikakaushwa vimefunikwa. Kila kundi la sampuli lina kijichupa chake cha maji matupu kilichopita njia ileile, kufunguliwa na kufungwa pamoja nao, ili ikionekana alumini humo tujue imetoka kwetu.

Ampuli yenyewe ina mtego wake. Ukiivunja shingo, chembe za kioo huanguka ndani. Kwa macho huvioni. Ukivivuta pamoja na dawa umepima kioo badala ya dawa. Tumevuta kwa sindano yenye chujio, polepole, ncha ikiwa mbali na kitako cha ampuli. Sista yuleyule wa sufuria ndiye aliyefanya kazi hii, maana mkono wake hautetemeki, na alipomaliza akasema: "Kumbe siku zote tunawapiga na vioo." Sindano ya chujio kwa ampuli zote za njiti imeingia kwenye orodha ya maombi. Sikuipanga hiyo kwenye mradi, ila nimeipokea kwa mikono miwili.

Sampuli zimeondoka na meli ya asubuhi, kwenye boksi la barafu ambalo halihitaji barafu, lakini mizigo yenye barafu hubebwa kwa heshima zaidi.

Mei, wiki ya kwanza

Majibu ya maabara bado. Hatukuyasubiri. Kikao cha kamati ya dawa kimekaa, nikapeleka mambo matatu tu, kwa kuwa ukipeleka kumi linapita la chai.

Kalsiamu glukoneti ya watoto wachanga iagizwe ya plastiki. Bei yake ni kubwa kwa kichupa, na mjumbe wa fedha aliuliza kama tofauti ile inaonekana kwa macho. Nikasema haionekani. Daktari wa watoto akasema, na degedege za miaka saba mbele hazionekani leo kwenye bajeti. Nilitamani ningeyasema mimi, ingawa kitaalamu alumini na degedege za baadaye si jambo nililolisoma na nilimwambia hivyo tulipotoka. Alumini ituhusu kwenye akili na mifupa, tusiibambikie kila kitu. Ombi limepita kwa kiasi: plastiki kwa njiti, kioo kibaki kwa dharura za wakubwa.

La pili, kila ombi kwa muuzaji litake cheti kinachotaja alumini. Wakipuuza watapuuza, lakini wakiombwa na hospitali nyingi watachoka kupuuza.

La tatu lilizua mjadala: fosfati. Chumvi za kawaida za fosfati nazo hubeba alumini, na huganda na kalsiamu. Ile ya asili ya gliserini ni safi zaidi na haigandi upesi. Hatuna, na haipatikani kirahisi. Limeahirishwa.

Mei, mwishoni

Jedwali limepata safu mpya, na nadhani ndiyo yenye nguvu kuliko zote: mililita za maziwa ya mama.

Kwa dhana zetu za dripu, kila mililita 30 kwa kilo zinazohamishwa kutoka mshipani kwenda tumboni zinapunguza mikrogramu 0.75 kwa kilo kwa siku, kabla hata ya kuigusa kalsiamu. Na kalsiamu ya maziwa inapita kwa utumbo. Mtoto akifika maziwa kamili, safu yote ya alumini ya mshipani inasoma sifuri. Kwa hiyo kila siku tunayochelewa kuanza maziwa bila sababu ya kitabibu ina gharama ambayo sasa ina namba.

Nilimkuta mama mmoja wa Micheweni, mtoto kifuani kwa kangaruu (ngozi kwa ngozi), anakamua kwenye kikombe, mama mkwe kasimama pembeni na mashaka yake. "Mwanangu, matone haya matatu yatamshibisha nani?" Sista akamjibu, "Bi mkubwa, hayamshibishi. Yanamtoa kwenye dripu." Bibi akaitazama ile dripu, akamwambia mkwewe akamue na titi la pili.

Zamu ya usiku wanajaza safu ya maziwa bila kukumbushwa. Safu ya kalsiamu bado wanaandika "ampuli 1" badala ya mililita, na ampuli ina mililita 10 ambazo hakuna njiti anayezipata zote, kwa hiyo jedwali linapiga kelele nyekundu asubuhi. Nimeifunga seli isipokee ila namba yenye nukta.

Ya Juni: jedwali la manganisi, kwanza kwa watoto wenye manjano ya nyongo. Kumfuata Ami juu ya boksi za plastiki zikifika, zisije zikapangwa nyuma ya zile za kioo. Kupiga simu maabara.